Je, Wajua? Hewa ya Chumba cha Mboga, Kampala

Je, wajua kwamba saladi inayokuzwa ndani, mizizi ikiwa majini badala ya udongoni, hurudisha hewani zaidi ya asilimia 95 ya maji inayokunywa? Ndiyo maana chumba hujaa mvuke hata pasipo mtu kunyunyiza tone.

Kulima jijini Kampala si kosa. Kumetungiwa sheria ndogo tangu 2006, na mamlaka ya jiji, KCCA, ina kituo cha kilimo Kyanja kinachofundisha wakazi.

Je, wajua kwamba hewa ya alfajiri yenye ukungu inaweza kukausha chumba? Hewa iliyoshiba maji kwa nyuzijoto 17 ikiingia ndani na kupata joto hadi 25, unyevu wake hushuka mpaka asilimia 61 hivi. Basi hata msimu wa mvua wa Machi hadi Mei, fungua dirisha mapema. Ukungu wa nje usikutishe; mvuke uliofungiwa ndani usiku kucha ndio unaoleta kuvu.

Majani machanga ya katikati ya saladi yakigeuka kahawia kwenye kingo, wengi hukimbilia kuongeza kalsiamu kwenye tangi. Mara nyingi kalsiamu imo tele. Hiyo husafiri na maji, na maji hupanda pale jani linapotoa mvuke. Moyo wa saladi umefunikwa, hewa imetulia, mvuke hautoki, kalsiamu haifiki. Feni ndogo inayopepea juu ya vichwa hufanya kazi ambayo mbolea haiwezi.

Je, wajua kwamba chumba cha mita 3 kwa 3, chenye kimo cha mita 2.5, kwa mwinuko wa Kampala kina gramu 15 tu za hewa ukaa? Ndicho chakula chote cha majani humo. Taa zikiwaka na mlango ukifungwa, mimea huimaliza upesi, kisha ukuaji unazorota hata kama mwanga na mbolea vipo. Mtu mmoja akifanya kazi nyepesi humo hutoa gramu 30 na zaidi kwa saa!

Nje, hewa ukaa ni sehemu 420 na ushei katika kila milioni. Ikifika 800 hadi 1,000, saladi hukua haraka zaidi, mradi mwanga unatosha. Gizani, kuiongeza ni bure.

Usiingize sigiri ndani ili kuongeza gesi hiyo. Makaa hutoa pia kabonimonoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini.

Je, wajua kwamba uyoga aina ya mamama, unaopandwa Uganda kwenye mifuko ya makapi ya mbegu za pamba, huvuta oksijeni na kutoa hewa ukaa kama sisi? Vikonyo vikirefuka na kofia zikabaki ndogo, gesi imezidi: fungua madirisha. Ila usiuchanganye na saladi chumba kimoja, maana mbegu zake za vumbi huumiza mapafu ya anayezivuta kila siku.

Na kipimo chako cha unyevu, kinasema kweli? Lowesha chumvi ya mezani iwe kama uji mzito, ifungie pamoja na kipimo ndani ya kopo lisilopitisha hewa kwa saa nane hivi, bila kuvigusanisha. Humo unyevu huwa asilimia 75. Kikionyesha 68, kila ukikisoma ongeza 7.