Pikipiki Isiyo na Magurudumu Inapopanda Pikapu

Mtu yeyote aliyewahi kupandisha bodaboda kwenye pikapu anajua kazi ile haichukui muda. Mmoja anashika usukani, mwingine anasukuma kwa nyuma, ubao mmoja unatosha, na kabla utingo hajamaliza kulalamika mzigo umeshapanda. Wafanyakazi wenyewe pale ni magurudumu mawili. Katika milima ya kaskazini-magharibi mwa Marekani na magharibi mwa Kanada kuna pikipiki ambazo hazina hata gurudumu moja, na msimu wa baridi hupakiwa kwenye pikapu kila mwisho wa wiki. Msomaji wetu aliye Calgary au Edmonton ajiandae: siku moja jirani atagonga mlango akiomba mtu wa kumsaidia kusukuma.

Pikipiki ya theluji ni pikipiki ya motokrosi, mara nyingi ya cc 450, iliyovuliwa magurudumu. Mbele hufungwa skii moja pana. Nyuma, ule mkono unaoshika tairi hutolewa, na mahali pake huingia fremu ndefu yenye mkanda wa mpira unaozunguka kama mnyororo wa katapila, tuuite treki. Treki ina meno marefu ya mpira ya kuchimbia theluji. Mtu aliyeufanya ufundi huu uwe biashara ya kweli ni Allen Mangum wa Sandpoint, Idaho, kupitia kampuni yake ya Timbersled. Polaris waliinunua mwaka 2015, na mwaka 2017 mbio za pikipiki hizi zikaingia kwenye mashindano ya X Games huko Aspen, Colorado. Ukubwa wa treki hutajwa kwa inchi za mzunguko wake, kama 120, 129 au 137. Upana wake ni kama sentimita 28, na kwa sababu hiyo pikipiki husimama yenyewe mahali tambarare bila stendi.

Barabarani haiwezi kwenda. Reli zinazoongoza treki zimevikwa plastiki, na plastiki hiyo hupozwa na kulainishwa na theluji inayorushwa na treki yenyewe. Ikiendeshwa kwenye lami kavu hupata moto na kuyeyuka. Ndiyo maana kila safari ya mlimani huanza na kuisha na gari, na ndiyo maana kupakia si jambo dogo la pembeni.

Tuanze na uzito. Pikipiki ya motokrosi ina kilo 110 hivi; ikishafungwa treki na skii inakaribia kilo 150. Mlango wa nyuma wa pikapu kubwa ya 4x4, ukishushwa, huwa kama sentimita 90 kutoka ardhini. Ngazi ya alumini ya meta 1.8 ikiegemezwa hapo, nguvu ya kuupandisha mzigo ni uzito mara kimo gawanya kwa urefu wa ngazi: kilo 75, bado msuguano. Na msuguano wa treki ni mkubwa, kwa kuwa mpira haubingiriki vyepesi kama tairi. Ukichukua ngazi ya meta 2.4, unashuka hadi kilo 56. Lakini wazoefu hawaishii kwenye ngazi. Wanatafuta tuta. Maegesho ya mlimani yana kingo za theluji zilizorundikwa na magari ya kusafishia barabara. Ukirudisha gari nyuma hadi kwenye tuta la sentimita 45, kimo kinabaki nusu, na kwa ngazi ileile ya meta 2.4 unapambana na kilo 28 tu. Mtaro wa kando ya barabara hufanya kazi hiyohiyo, mradi magurudumu ya nyuma yashuke ndani yake na gari liweze kutoka tena. Kwa maoni yangu, dakika tano za kutafuta mahali pa kuegesha zina thamani kuliko rafiki wa tatu mwenye mabega mapana.

Watu wengi huwasha injini na kuiacha treki ipande kwa nguvu zake. Ni sawa, ila ujue kinachotokea chini. Treki inapoisukuma pikipiki mbele, inaisukuma ngazi nyuma kwa nguvu ileile. Ngazi iliyowekwa tu juu ya mlango huchomoka, na huchomoka wakati mbaya kuliko wote, pale uzito unapokuwa katikati ya safari. Kwa hiyo ngazi hufungwa kwa mkanda kwenye bampa au kwenye chuma cha kuvutia trela, na mkanda ukazwe hadi ngazi isitikisike ukiisukuma kwa mguu. Ajali nyingi za upakiaji zinaanzia hapa, si kwenye uzito.

Kisha kuna ugomvi wa skii na treki. Treki inapenda vipago vya ngazi; meno yake yanashika kila kimoja. Skii inavichukia. Chini yake ina ubapa wa kuchanja theluji na fimbo ya chuma kigumu inayoisaidia kugeuka, na fimbo hiyo hunasa kwenye kila kipago. Tatizo ni kwamba skii na treki hupita njia moja, moja nyuma ya nyingine, na njia hiyo inatakiwa iteleze kwa moja na ishike kwa nyingine. Suluhisho rahisi ni kufunga kipande chembamba cha plastiki ngumu katikati ya ngazi, upana wa kiganja tu. Ule ubapa wa skii unateleza juu yake, huku meno ya treki yakishika vipago upande wa kulia na kushoto. Asiye na plastiki anamweka mtu mbele, mwenye kuinua ncha ya skii kwa kishikio chake na kuivusha vipago.

Je, upande ukiwa umekaa juu yake? Video za namna hiyo ni nyingi na nyingine zinachekesha. Mimi nasema hapana. Skii juu ya alumini yenye barafu haina mwelekeo, na mbele yako kuna ukuta wa bodi na kioo cha kabini. Tembea kando yake kwenye ngazi ya pili iliyowekwa sambamba na ya kwanza, gia ya kwanza, klachi mkononi, mafuta kidogo kidogo. Mwenye winchi ndogo ya umeme iliyofungwa mbele ya bodi hana haja hata ya kuwasha injini, na mgongo wake utamshukuru akifika umri wangu.

Ikishapanda, utagundua kwamba haitoshi. Pikipiki hizi zinakaribia meta 3 kutoka ncha ya skii hadi mwisho wa treki. Pikapu nyingi za siku hizi zenye kabini ya milango minne zina bodi la meta 1.7. Mlango wa nyuma utabaki wazi, na treki itaning'inia nje kidogo. Weka ubao mnene chini ya treki, kuanzia ndani ya bodi hadi juu ya mlango, ili uzito usibebwe na zile waya mbili za mlango peke yake; zilitengenezwa kwa mzigo uliotulia, na mashimo ya barabarani yanauzidisha. Kumbuka pia kwamba kamera ya nyuma, ambayo katika magari mengi iko kwenye mlango huo, sasa inakuonyesha lami. Sheria nazo zipo: California, kwa mfano, mzigo ukizidi futi 4 nyuma ya gari hutakiwa kitambaa chekundu mchana na taa nyekundu usiku. Wengine huiweka pikipiki mshazari, skii kwenye kona ya mbele, na kupata nafasi ya ziada. Kwa pikipiki moja ni njia nzuri. Kwa mbili haiwezekani.

Kufunga ndiko kunakowashinda wanaotoka kwenye pikipiki za kawaida. Wao wamezoea mikanda miwili mbele, shokapu zinabanwa, mambo yameisha, kwa sababu tairi la nyuma lina mpira na uzito wa kulikalisha. Treki iliyolowa juu ya plastiki ya bodi inateleza kando kila kona. Mikanda inayotakiwa ni minne. Miwili inatoka kwenye usukani kwenda kona za mbele, ikivuta chini na mbele, shokapu zibanwe theluthi moja hivi. Ukizibana hadi mwisho, sili zinaumia. Miwili mingine inatoka kwenye chuma cha nyuma cha fremu ya treki kwenda kona za nyuma za bodi. Usipitishe mkanda juu ya siti, wala juu ya treki yenyewe. Mikanda ya poliesta ni bora kuliko ya nailoni, kwani nailoni ikilowa hunyooka. Soma pia lebo: nguvu ya kukatika na uzito unaoruhusiwa kazini ni namba mbili tofauti, na kwa kawaida ya pili ni theluthi ya ya kwanza.

Halafu simama. Baada ya kilomita 20 au 30, simama na ukaze upya, hata kama kuna baridi na chai iko ndani ya gari. Pikipiki inayorudi kutoka mlimani imejaa theluji iliyoshindiliwa ndani ya fremu ya treki. Njiani theluji hiyo inaanguka na kuyeyuka, fremu inashuka, na mkanda uliokuwa umekaza unalegea bila mtu kuugusa. Katika majimbo ya milimani barabara humwagiwa chumvi na dawa za kuyeyushia barafu, na maji yake hurushwa nyuma moja kwa moja kwenye rejeta, cheni na alumini. Turubai dogo la kufunika injini na mdomo wa kichujio cha hewa linasaidia sana, na mashine ioshwe kwa maji safi ukifika nyumbani. Racheti iliyolowa chumvi na kuganda usiku ni adhabu; bizimu ya kubana mkanda bila racheti huganda kwa nadra.

Kushusha ndiko kwenye hatari zaidi kuliko kupandisha, na sababu iko kwenye breki. Breki ya mbele mara nyingi imetolewa, kwa kuwa hakuna gurudumu la kulizuia. Iliyobaki ni ya mguu, nayo inazuia treki. Lakini wewe umesimama kando yake ukirudi kinyumenyume, mguu wako uko kwenye ngazi. Kwa hiyo tumia klachi. Injini imezimwa, gia ya kwanza imeingia, na klachi ikiachiwa, treki inashikwa na injini na pikipiki inasimama. Bana klachi kidogo, ishuke nusu hatua, achia, isimame. Kabla ya hapo, tikisa treki kwa mguu. Ikiwa ililala usiku kwenye bodi lenye maji, huenda imegandana na sakafu, na atakayeilazimisha kwa injini atang'oa meno. Vipande vya mbao vilivyolazwa chini ya treki tangu jana yake huzuia hilo lisitokee.

Trela la chini, sentimita 50 kutoka ardhini, lingeondoa nusu ya matatizo haya. Anayeishi mjini na kwenda mlimani mara kwa mara nitamshauri alinunue. Lakini njia nyingi za kuingilia milimani huishia kwenye uwanja mwembamba ambao haujasafishwa theluji, na kugeuza trela humo ni kazi ya mchana mzima, kwa hiyo pikapu na ngazi yake vitaendelea kutumika.