Kunyanyua Gari: Hesabu ya Kilo Kabla ya Inchi

Masika yakikaribia, magereji ya Maili Moja, Kibaha, hupokea ombi lilelile kutoka kwa wenye Prado, Hilux na Jimny: "Fundi, ninyanyulie gari, nina shamba Maneromango." Fundi naye huuliza, inchi ngapi? Mambo huanza kuharibika hapo hapo. Swali la kwanza lilipaswa kuwa kilo: gari hili linabeba nini siku zote? Inchi zinapatikana baadaye, kama matokeo ya hesabu.

Kabla ya hesabu, tuondoe tamaa moja. Kwenye ekseli nzima, kama ya nyuma ya Hilux au zote mbili za Jimny na Land Cruiser ya 70, difu iko ndani ya ekseli, na ekseli imebebwa na magurudumu. Springi ziko juu yake. Ukiweka springi za kupandisha inchi mbili, chasisi, bodi, tangi na bampa vitapanda. Difu itabaki ilipokuwa. Sasa ingia njia za ndani za Kisarawe baada ya malori ya mchanga kupita kwenye udongo uliolowa. Magurudumu yao yamechimba mifereji miwili na katikati limebaki tuta. Tuta hilo ndilo linalokwaruza difu, na springi haina dawa yake.

Dawa ni tairi, na hata hiyo ni kwa kiasi. Ukitoka 265/70 kwenda 265/75 kwa rimu ya 16, kipenyo kinaongezeka milimita 26 hivi, hivyo difu inapanda 13 tu. Kazi ya springi ni kuipa tairi hiyo kubwa nafasi isigonge madigadi, na kuiwezesha pua ya gari kushuka korongoni bila bampa kuchota udongo. Si faida ndogo, ila ijulikane ni faida gani.

Tuje kwenye kilo. Ugumu wa springi hupimwa kwa uzito unaoibonyeza milimita moja. Chukua koili ya nyuma ya kilo 4 kwa milimita, kwenye kona inayobeba kilo 400. Gari likisimama, koili imebonyea milimita 100. Unataka kupanda milimita 50. Ukiweka koili ya ugumu uleule iliyo ndefu zaidi kwa milimita 50, umezipata zote na gari limebaki laini. Ukiweka ya urefu uleule lakini ngumu zaidi, tuseme kilo 5 kwa milimita, itabonyea 80: umepanda 20 tu. Ili upate 50 kwa ugumu peke yake unahitaji kilo 8, yaani mara mbili, na kila jiwe la Pugu utalisikia kiunoni.

Springi ngumu zinauzwa kwa sababu ya mzigo. Pakia magunia manne ya korosho ya kilo 80, tuseme yote yaangukie springi za nyuma: kila moja inaongezewa kilo 160. Ile ya kilo 4 inashuka milimita 40, na katika zile 50 ulizolipia umebaki na 10. Ya kilo 6 ingeshuka 27. Ndiyo maana watengenezaji kama Old Man Emu ya kampuni ya ARB, Australia, huwa na springi kadhaa kwa gari lilelile, zimepangwa kwa mzigo: tupu, mzigo wa kudumu wa kadiri, mzigo mzito. Wa kudumu ni ule usioshuka garini, kama bampa la chuma, winchi, keria ya juu, tangi la pili na sanduku la vifaa.

Msimamo wangu ni huu. Anayeishi Picha ya Ndege, anayeshinda Dar es Salaam kikazi na kwenda shamba mwisho wa wiki, achague kwa uzito wa siku za kawaida, na siku ya korosho aendeshe taratibu. Springi ya mzigo mzito kwenye gari tupu haibonyei. Tairi inarukaruka juu ya matuta badala ya kushika ardhi, na kwenye mchanga mtu anakwama kwa gari alilolipia lisikwame. Kama hujui uzito wako, tafuta mizani ya magari kwenye machimbo ya kokoto au ghala kubwa. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma.

Wanaonunua springi za mtumba Gerezani wana mtego wao. Koili mbili zikisimamishwa bega kwa bega, moja ya waya wa milimita 14 na nyingine wa 15, jicho halioni tofauti. Lakini ugumu hupanda kwa unene uliozidishwa wenyewe mara nne: zikilingana upana na idadi ya mizunguko, ya 15 ni ngumu zaidi kwa takriban asilimia 32. Nenda na venia, pima waya, hesabu mizunguko. Na ile mipira ya kuchomeka katikati ya koili, inayouzwa kama njia ya mkato, inaufunga mzunguko mmoja na kuitwika mingine kazi yake. Siipendi.

Springi za majani zina kanuni inayofanana. Land Cruiser ya 70 ya kazi ilikuwa na majani mbele na nyuma hadi 1999, ilipopewa koili mbele. Nyuma majani yamebaki, kama kwenye Hilux. Hapa ugumu hufuata unene uliozidishwa wenyewe mara tatu: jani la milimita 8 ni gumu karibu mara moja na nusu ya la 7. Kuongeza jani moja ni jambo la busara kwa mbebaji wa kila siku. Kuyapasha moto majani yaliyolala ili yakunjwe upya si busara, maana moto wa gesi unakiondolea chuma ugumu kilichopewa kiwandani na baada ya muda kitalala tena. Kibaha ndipo ilipo Nyumbu, shirika la jeshi lililounda lori lake miaka ya 1980. Hapa hapakosekani watu wanaojua chuma wa kuulizwa kabla ya kuwasha gesi. Kurefusha shekeli nako kunadanganya: ukiongeza milimita 50 unapata 25. Kipande cha chuma kati ya springi na ekseli kinavumilika nyuma. Mbele, kwenye ekseli ya usukani, kikatae kabisa.

Ukishapanda, vingine vinakudai. Shokapu za zamani zinakuwa fupi, na gurudumu likining'inia korongoni zinakuwa ndizo zinazobeba ekseli. Mipira ya breki inavutika. Kwenye Prado yenye mbele huru difu ya mbele imefungwa kwenye chasisi, kwa hiyo inapanda, ila jointi za ekseli zinakaa mshazari na buti zake huchanika mapema. Kwenye Land Cruiser ya koili mbele, ekseli inajizungusha kidogo na usukani unaacha kurudi wenyewe; hapo zinahitajika bushi zenye tundu la pembeni.

Linalosahaulika kuliko yote ni vali ya breki za nyuma kwenye Hilux nyingi. Ina fimbo inayopima nafasi kati ya ekseli na chasisi. Nafasi ikiongezeka, vali inadhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma, hata kama nyuma kuna korosho. Fimbo irekebishwe siku hiyohiyo.

Kuna pia suala la kupinduka. Gawanya nusu ya upana kati ya tairi kwa kimo cha kitovu cha uzito. Gari la upana wa mita 1.5 na kitovu cha mita 0.75 lina alama 1. Lipandishe milimita 50, inashuka hadi 0.94. Njiani Maneromango kwa mwendo wa kilomita 20 hutaona kitu. Kwenye njia nane za Kimara hadi Kibaha, ukikwepa bodaboda ghafla, utaona. Milimita 50 kwangu ndiyo mwisho kwa gari la matumizi yote.

Siku ya kufunga, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kona zote nne, kabla na baada, kisha tena baada ya mwezi, kwa sababu springi mpya hukaa kidogo. Boliti za bushi za majani zikazwe gari likiwa chini kwa uzito wake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, mpira unabaki umejipinda muda wote na kuchanika kabla ya vuli. Yuboti zikazwe tena baada ya kilomita mia chache.