Uganda: Kwa nini sala ya Abayudaya humsubiri mtu wa kumi

Katika kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale mashariki mwa Uganda, kuna sinagogi ambamo waumini husali wakielekea kaskazini. Upande huo ndiko uliko Yerusalemu, mji ambao Myahudi hutakiwa kuuelekea popote alipo. Waumini hao huitwa Abayudaya. Dini hiyo waliipokea mwaka 1919, wakati Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewahi kuwatumikia Waingereza kabla ya kukosana nao, alipotahiriwa pamoja na wanawe na kujitangaza kuwa Myahudi.

Sheria ya Kiyahudi huamuru sala tatu kila siku: Shahariti ya asubuhi, Minha ya alasiri na Maarivu ya jioni. Jina la Maarivu lina undugu na neno magharibi, kwani Kiebrania na Kiarabu ni lugha za ukoo mmoja.

Msemaji wa Kiswahili ataielewa upesi hesabu ya nyakati hizo. Kwa kanuni inayofuatwa na wengi, mchana hugawanywa sehemu kumi na mbili zilizo sawa, tangu jua kuchomoza hadi kuchwa, na saa huanza kuhesabiwa jua linapotoka. Ungamo liitwalo Shema hutakiwa kusomwa kabla ya saa ya tatu kwisha, na sala ya asubuhi kabla ya saa ya nne kwisha. Minha huanza saa sita na nusu. Katika nchi za Ulaya saa hizo husinyaa wakati wa baridi na kurefuka wakati wa joto, hivyo muumini wa huko hulazimika kutazama jedwali. Mbale iko karibu na ikweta, na urefu wa mchana haubadiliki sana. Kwa kuwa jua la huko huchomoza takriban saa kumi na mbili na nusu, mwisho wa Shema huangukia kama saa tatu na nusu ya asubuhi.

Kiini cha kila sala ni Amida, inayosomwa kwa kusimama, miguu ikiwa pamoja na sauti ikiwa ya chini. Siku za kazi ina baraka 19, ingawa jina lake la zamani, Kumi na Nane, halijabadilishwa.

Amida yaweza kusaliwa na mtu mmoja. Hata hivyo, zipo ibada zisizoruhusiwa pasipo minyani, yaani jamaa ya watu wazima kumi, na utu uzima wa mvulana kisheria huanza akiwa na miaka 13. Pasipo kumi hao, gombo la Torati halisomwi hadharani. Kadishi nayo haisemwi, na hiyo ndiyo sala ambayo aliyefiwa na mzazi hutakiwa kuisema kila siku kwa miezi kumi na mmoja.

Hesabu hiyo iliwahi kuwa ya hatari. Idi Amin, aliyeshika madaraka mwaka 1971, alipiga marufuku ibada za Kiyahudi. Masinagogi yalifungwa, wengi wakahamia dini nyingine, na familia chache zikaendelea kusali kwa siri majumbani. Mtu mmoja aliweza kunong'ona Amida chumbani bila jirani kujua. Watu kumi wakiingia nyumba moja huonekana. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1979, Abayudaya waliosalia walikuwa mamia tu. Leo wanakadiriwa kufikia takriban 2,000, wakitawanyika katika vijiji kadhaa, na vingine ni vidogo mno.

Ndiyo maana swali la nani ahesabiwe si la wanazuoni pekee. Sehemu kubwa ya jamii hiyo, ikiongozwa na Rabi Gershom Sizomu aliyepata daraja hilo nchini Marekani mwaka 2008, hufuata mkondo wa Kiyahudi uitwao Masorti, na Nabugoye wanawake huhesabiwa katika minyani. Kijiji cha Putti kina waumini wa mkondo wa Waorthodoksi, ambao huhesabu wanaume tu. Kwa kanuni hiyo, wakifika wanaume tisa, hata wanawake wakijaa upande wao, mfiwa husali Amida yake na Kadishi hungoja siku nyingine.