Maji Matamu ni Machache

Maji ya dunia ni mengi, lakini karibu yote ni ya bahari, nayo yana chumvi. Kama yote yangekuwa ndoo 100 za litri 10, ndoo za maji matamu hazingefika 3. Nayo mengi ni barafu, au yamo chini ya udongo. Maji ya mito na maziwa hayangejaza kikombe.

Kaskazini ya Kongo, mbali, liko ziwa Chad. Mwaka 1963 lilikuwa kubwa kuliko ziwa Kivu mara 9. Kisha mvua ilipungua miaka mingi, na watu walichota maji mengi kwa mashamba. Mwaka 2001 lilikuwa dogo kuliko Kivu. Wavuvi wengi walihama.

Mtu wa akili hakati miti penye chemchemi, wala hatupi takataka mtoni.