Je, Wajua? Askari wa Mbali na Mji wa Kindu

Je, wajua kwamba zipo ndege za vita zilizopita Kindu bila kuruka? Mwaka 1916 Wabelgiji walitaka kuzishambulia meli za Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Wakaletewa kutoka Uingereza ndege nne za kutua majini, zimefungwa vipande vipande. Kwa majina ya leo, safari yake ilikuwa hivi: Matadi, kisha garimoshi hadi Kinshasa, meli hadi Kisangani, garimoshi hadi Ubundu, halafu meli tena hadi Kindu. Kupita hapo mto Lualaba una maporomoko, na ndiyo sababu ilijengwa reli ya kilomita 355 kutoka Kindu hadi Kongolo. Kutoka Kongolo, bado meli na reli hadi Kalemie. Juni mwaka huo ndege hizo zilianza kuangusha mabomu Kigoma, zikiilenga meli Graf von Götzen. Meli hiyo tunaijua sote: ni MV Liemba.

Je, wajua kwamba askari wa Force Publique, jeshi la koloni, aliwekwa mbali na kwao kwa makusudi? Mwaka 1895 askari waliasi huko Luluabourg, ndiyo Kananga ya leo. Wengi wao walikuwa watu wa chifu Ngongo Lutete, ambaye maofisa wa Kibelgiji walikuwa wamemuua mwaka 1893. Serikali ikajifunza kuogopa kikosi cha kabila moja. Tangu hapo makabila yalichanganywa ndani ya kila kikosi, na kijana wa Maniema angeweza kujikuta Bas-Congo, akiamshwa na tarumbeta, akipigwa kiboko kwa makosa madogo, akijifunza Lingala kwa kuwa ndiyo iliyokuja kuwa lugha ya jeshi. Muda wa utumishi ulikuwa miaka 7. Kambini aliruhusiwa kuishi na mke na watoto, na watoto wengi walizaliwa hapo bila kuijua ardhi ya babu zao. Miaka 7 ni mingi. Aliyemwacha mama yake akiwa na nguvu aliweza kurudi na kuonyeshwa kaburi.

Wengine walifika mbali zaidi. Mwaka 1941 vikosi vya Kongo viliingia Ethiopia, vikapigana Asosa na Gambela, na tarehe 3 Julai vikapokea pale Saïo silaha za Waitalia waliosalimu amri, pamoja na majenerali 9. Mwaka 1943 wenzao walivuka jangwa kwa malori kutoka Nigeria hadi Misri, na baadhi walifika Palestina. Wauguzi na wabeba machela wa Kongo walihudumia majeruhi hadi Burma.

Je, wajua kwamba katika miji kadhaa ya Italia kuna barabara zenye jina la Kindu? Ni Kindu hii hii ya sombe na wali, na kisa chake kinaanza na posho ya askari.

Mwaka 1961 wanajeshi wa Malaya walikuwa na kambi Kindu chini ya Umoja wa Mataifa. Nchi yao, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia, ilikuwa na umri wa miaka minne tu tangu uhuru, na Kongo ndiyo iliyokuwa kazi yao ya kwanza ya kulinda amani ng'ambo. Napenda kufikiri kwamba sokoni hawakuwa wageni kabisa, kwa kuwa lugha yao, kama yetu, ilikopa Kiarabu: sabuni kwao ni sabun, dunia ni dunia, na salamu yao ni apa khabar, yaani habari gani.

Mahitaji yao yaliletwa kwa ndege. Jumamosi, 11 Novemba 1961, ndege mbili aina ya C-119 za Jeshi la Anga la Italia zilitua Kindu zikitokea kituo cha Kamina. Ndani yake walikuwemo watu 13 wa kikosi cha Pisa, mmoja wao daktari. Walikwenda kula chakula cha mchana mesi pamoja na Wamalaya. Lakini Kamina iko Katanga, na mwaka ule, ambao Lumumba aliuawa hukohuko, jina la Katanga lilitosha kuwasha moto. Uvumi ukaenea kwamba hao ni mamluki wa Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga. Wanajeshi wa Kongo wakaingia mesini, wakawakamata Waitalia, wakawaua wote 13.

Hofu ya wale wanajeshi naielewa. Kitendo chao sikitetei hata kidogo. Watu wale walikuja kuwaletea wenzao chakula, na walikamatwa wakiwa mezani.

Miili yao ilipatikana mwaka 1962 katika makaburi ya Tokolote, kando ya Lualaba, ikapelekwa Pisa, ambako imezikwa katika jengo la kumbukumbu karibu na uwanja wa ndege wa jeshi. Mnara mwingine wa kuwakumbuka umesimama kwenye uwanja wa ndege wa Fiumicino, Roma. Nawe msomaji wa Maniema, safari ikikufikisha Fiumicino, kabla ya kutafuta teksi uliza ulipo mnara wa Kindu, usimame hapo kidogo.