Bando ya saa tatu au Wi-Fi ya mwezi? Piga hesabu kwanza

Tuseme unauza ndizi hapo Mitunguu. Lori la Nairobi linangoja kujazwa, na mnunuzi anataka picha za mikungu kwa WhatsApp sasa hivi. Unawasha data: bando imeisha. Na si eti uliitumia yote. Saa zake tatu ndizo zimekwisha.

Hapo ndipo wengi wetu huliwa. Tunabishana kama ni heri kulipia intaneti kwa kiasi unachotumia au kutoa pesa moja kwa mwezi mzima, kumbe bando nyingi tunazonunua si hii wala ile. Unauziwa MB, halafu unapimiwa saa. Ni sawa na kununua mtungi wa maji, kisha jioni mwenye bomba anakuja kumwaga yaliyobaki.

Mwaka 2019 wakili Adrian Kamotho alishtaki kampuni za simu kwa sababu ya hizi data zinazoisha muda. Oktoba mwaka huo Safaricom ikaleta data isiyo na muda wa kuisha. Shida ni kwamba pesa ileile hukupa MB chache zaidi, ndiyo maana wengi hurudi kwa zile ofa za Sh50 za GB 1.5 kwa saa tatu. Tamu kweli, lakini moja kila siku ni Sh1,500 kwa mwezi.

Muuza ndizi hahitaji GB nyingi. Picha na simu za WhatsApp hazili sana. Anachotaka ni kupata data ikiwepo lori likifika, kwa hivyo huyo anunue isiyoisha muda, hata kama inaonekana ghali.

Wewe wa TikTok na mechi usiku kucha ni hadithi nyingine. Agosti 2024 Starlink ilileta kifurushi cha GB 50 kwa Sh1,300 kwa mwezi, ukizidisha unaongeza Sh20 kwa kila GB. Kile kisicho na kikomo kilikuwa Sh6,500. Peke yako, hiyo ni kodi ya nyumba. Mkiwa wanane ni kama Sh810 kila mtu, na hakuna wa kuhesabu MB. Ila soma masharti kwanza, kwa sababu kampuni nyingi hazitaki uwasambazie majirani laini ya nyumba moja. Halafu kuna kifaa chenyewe, maelfu ya shilingi kabla hujafungua hata ukurasa mmoja.

Kabla ya kuamua, andika kila bando unayonunua kwa wiki moja, kisha ufungue settings za simu uone GB ulizotumia kikweli. Na kama ni kuchanga, msitazame bei pekee. Mtazameni pia yule wa chumba cha mwisho, ambaye kila tarehe tano husema, “Natuma kesho,” na ndiye hupakua filamu usiku wote.