Deni la Tanuu: Joto Lifichwalo Ndani ya Chokaa (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulibainisha kwamba chembe zilizoshikamana hazitengani ila kwa kupewa nguvu, na zikiungana huirudisha. Leo, kwa taufiki ya Mwenyezi Mungu, tutaitafuta hoja hiyo kisiwani Pate, ambako waashi wa kale, walioyajenga majumba ya Pate, Siyu na Shanga, hawakuisoma kemia vitabuni bali waliitenda kwa mikono yao.

Mchoma chokaa hupanga magogo ya mikoko, akarundika matumbawe juu yake, kisha akatia moto. Joto lifikapo kiasi cha nyuzi 900, jiwe huiachilia hewa ya ukaa iliyofungamana nalo, na katika kila kilo moja ya jiwe safi hubaki gramu 560 tu za chokaa. Mbali na joto la kulipasha jiwe lenyewe, utengano huu peke yake humeza kilojuli 1,780, kadiri ya kuchemsha lita sita hivi za maji ya mtungini.

Je, joto hilo limepotea? La hasha, limewekwa amana. Chokaa hiyo imwagiwapo maji hufoka, ikafura na kutoa mvuke, na atiaye mkono huungua ingawa hapana ukuni wala kaa. Hapo hulipwa fungu la kwanza la deni, kilojuli 650. Fungu la pili, kilojuli 1,130, hulipwa ukutani, mwaka baada ya mwaka, chokaa iivutapo tena hewa ya ukaa na kurejea kuwa jiwe. Na kwa kuwa malipo hayo huja chembe kwa chembe, hapana aliyeegemea ukuta akayahisi.

Jumlisha mafungu hayo mawili, utapata 1,780 kamili. Kanuni hii, kwamba hesabu ya joto hufuata mwanzo na mwisho wa mabadiliko, wala si njia yaliyopitia, aliitangaza Germain Hess, mwanakemia wa St Petersburg, mwaka 1840.

Basi apitaye leo kwenye magofu ya Pate, ambayo mtungaji wa Al-Inkishafi aliyafanya ibra ya dunia ipitayo, na azingatie kwamba wenye majumba wameondoka na dari zimeanguka, ilhali kuta zilizosalia zimekuwa zikilipa deni la tanuu tangu siku zilipopakwa.

Juma lijalo, inshallah, tutauliza ukuni wa mkoko uliipata wapi mali ya kulikopesha jiwe.